Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Malezi ya Ujana Wake

Katika kurasa hizi tumezoea kueleza maisha ya wanazuoni waliotutangulia, na mara nyingi humchagua mtu kwa kuwa darsa imefika mahali palipotajwa jina lake. Mara hii sababu ni nyingine. Sababu ni vijana wawili wa darsa yetu ya Kitengela.

Wa kwanza ni kijana wa Kimasai, na kwao ni upande wa Kajiado. Alisilimu mwaka juzi. Tangu hapo akienda kwao hali nyama ya bomani, kwa kuwa mnyama wa karamu huzibwa pumzi wala hachinjwi, na damu yake hunywewa. Baba yake ameliona jambo hilo kuwa ni dharau. Watu wa rika lake humwambia kuwa amekwisha kuwa Mswahili. Naye akija msikitini kwetu, baadhi ya jamaa, Mungu awasamehe, bado humwita yule Mmasai, kana kwamba hana jina. Usiku mmoja alibaki nyuma baada ya sala ya Isha, akaniuliza yeye ni nani hasa.

Wa pili amezaliwa katika Uislamu, na babu zake wote ni Waislamu. Huyu amesikiliza mawaidha katika simu mpaka usiku wa manane, miezi kwa miezi, akatambua kuwa baadhi ya yafanywayo nyumbani kwao hayana asili katika Sunna. Basi siku ya khitma ya bibi yake alisimama mbele ya wageni, sahani za pilau zikiwa mikononi mwa watu, akamwita baba yake mzushi. Tangu siku ile baba na mwana hawasemezani.

Sikuwajibu siku zile, kwa kuwa jibu la haraka kwa kijana ni sawa na maji ya moto kwa mche. Niliwaahidi kuwaeleza habari za mtu aliyekuwa na mambo yao yote mawili kichwani, naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi katika sisi twalijua jina lake kuwa ni la Kadhi Mkuu na mwandishi wa magazeti. Ujana wake ndio usiotajwa sana, nao ndio ninaoutaka mimi.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo ambao jina lake peke yake lilikuwa mzigo. Mazrui walitoka Omani, wakaitawala Mombasa kwa niaba ya Maimamu wa Yaarubi. Na ufalme wa Omani ulipohamia kwa Mabusaidi, karne ya kumi na nane, wao walikataa kuwapa utii. Wakakaa katika Ngome ya Mombasa karibu miaka mia, wakipigana na wakipatana, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipoitwaa mwaka 1837. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa ng'ambo, hawakurudi. Waliosalia wakatawanyika, wengine Gasi upande wa kusini, wengine Takaungu upande wa kaskazini.

Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa miaka hamsini na nne baada ya ufalme kuondoka. Alipokuwa na miaka minne, mwaka 1895, mambo mawili yalitukia. Waingereza walitangaza himaya yao juu ya nchi, na Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, akaingia vitani nao. Vita viliendelea mpaka mwaka 1896, ndipo Mbaruk alipokimbilia nchi iliyokuwa ya Wadachi. Huo ukawa mwisho wa upanga wa Mazrui. Tena mwaka ule ule wa 1895 Ngome, ile ile waliyotawalia babu zake, ilifanywa gereza la serikali, na ikabaki kuwa gereza mpaka mwaka 1958. Hebu mfikirieni mtoto anayekulia katika mji wa kale, kila apitapo huiona nyumba ya enzi ya wazee wake, na waliomo ndani ni wafungwa na askari. Akifa Sheikh Al-Amin mwaka 1947, Ngome ilikuwa bado gereza. Tangu akiwa na miaka minne hakuiona katika hali nyingine.

Nawaombeni vijana wa Kajiado msiipite habari hii mbio. Nanyi mna habari kama hiyo. Mwaka 1904 wazee wenu walitiliana mkataba na Waingereza, wakaondolewa Bonde la Ufa. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wakaondolewa Laikipia. Wakaenda mahakamani, na kesi ikatupwa mwaka 1913. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyofika Athi, hapa jirani yetu, mwaka 1899, na ni tawi lake liendalo Magadi lililoipitia Kajiado. Mtoto wa Mazrui na mtoto wa Kimasai wa zama zile waliamka asubuhi moja wakaambiwa habari moja, kuwa enzi ya baba zao imekwisha na kuwa yawapasa watafute namna nyingine ya kuwa watu.

Namna hiyo nyingine nyumbani kwa Al-Amin ilikuwa imekwisha anza, na aliyeianza ni baba yake. Mazrui wa kwanza walikuwa Ibadhi, kama walivyokuwa wengi katika Waomani. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, aliyezaliwa mwaka 1825, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, na watu waliokuwa Ibadhi waliingia katika madhehebu yake kwa kusoma kwake. Jambo hili halikumpendeza Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Alimtia gerezani, na Sheikh Ali hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888 na Sayyid Khalifa akashika ufalme.

Mimi naona hapa ndipo penye shina la mambo yote. Aghlabu ya watu hudhani kuwa mwanamageuzi ni mtu aliyetoka nyumbani mwa wajinga, akaona nuru, akawageuzia mgongo. Al-Amin hakuwa hivyo. Alirithi kwa baba yake mfano wa mtu aliyeacha alichokikuta kwa babu zake baada ya kusoma, akafungwa kwa ajili yake, wala hakuacha kuwa Mazrui. Hakubadili jina, hakuukana ukoo, hakuhama mji. Basi kijana wetu wa Kajiado aliponiuliza kama mtu aweza kubadili alichokiamini babu yake akabaki mjukuu wa babu yake, jibu la kwanza lilikuwa katika nyumba hii ya Mombasa.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe alikuwa hajatimiza miaka minne. Mtoto wa umri huo hakumbuki katika baba yake ila pengine sauti, au harufu ya udi katika kanzu. Baba aliyemjua Al-Amin ni baba wa kusimuliwa. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mtu wa elimu na baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Katika mikono yake alisoma Kurani na misingi ya fikihi na lugha ya Kiarabu, kama walivyosoma watoto wa masheikh wa pwani, juu ya mkeka, kitabu baada ya kitabu, wala huendi cha pili mpaka mwalimu aridhike na cha kwanza.

Kisha akavuka bahari kwenda Unguja. Unguja ya wakati ule ilikuwa kwa watu wa pwani kama Azhari ilivyo kwa watu wa Misri, na waliokuwa nguzo zake ni wawili. Mmoja ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, kadhi, mtu aliyesafiri mpaka Istanbul na Misri, akijuana na wanazuoni wa nchi nyingi. Wa pili ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa akisomesha nyumbani kwake Ukutani na wanafunzi wakimjia kutoka Barawa mpaka visiwa vya Ngazija. Yeye mwenyewe alisafiri mpaka Cape Town kwa ajili ya kusomesha. Walikuwa watu wa njia ya Alawiyya, njia ya masharifu wa Hadhramaut, watu wa adabu na nyiradi na mapenzi makubwa kwa wema waliotangulia.

Mabwana hawa wawili ndio waliompa Al-Amin elimu yake kubwa. Na ni katika Unguja hiyo hiyo yalipokuwa yakifika magazeti ya Misri. La mashuhuri lilikuwa Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sayyid Muhammad Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh, nalo liliendelea mpaka mwaka 1935. Al-Manar lilikuwa likiuliza maswali mazito. Kwa nini Waislamu wamekuwa nyuma? Kwa nini nchi zao zimetawaliwa? Je, ni dini iliyowarudisha nyuma, au ni wao walioiacha dini na kushika desturi walizozipa jina la dini? Likawaita watu warejee Kitabuni na katika Sunna, waache kufuata bila ya kujua, waache kuomba haja zao makaburini, na wakati huo huo wazichukue elimu za dunia zilizowapa wengine nguvu.

Kijana aliyekulia kando ya Ngome iliyogeuzwa gereza hakuwa na haja ya kuelezwa maana ya maswali yale.

Lakini sasa angalieni alipofikia. Aliowaheshimu kuliko watu wote duniani, waliomfumbua macho, walikuwa ni watu wa mazingira ambayo ndani yake yalifanywa baadhi ya mambo yaliyokuwa yakikosolewa na Al-Manar. Tena Sayyid Ahmad bin Sumait hakuwa mtu wa kuyakimbia mawazo ya Misri, alikuwa akiyajua. Hapakuwa na pande mbili zilizokatwa kwa kisu, weupe huku na weusi kule, kama wanavyodhani wale wasikilizao simu. Palikuwa na walimu wema na maswali ya kweli, na yote mawili yalikuwa moyoni mwa mtu mmoja.

Alifanya nini? Alisoma. Hakuondoka kwa walimu wake, wala hakuwasimamia mbele za watu. Walimu wake wote wawili walifariki mwaka 1925, naye akiwa na umri wa miaka thelathini na nne. Sahifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930, naye ana miaka thelathini na tisa. Yahesabuni wenyewe. Alikuwa amekaa na vitabu miaka mingi kabla ya kuwatangazia watu wa mji wake kuwa mambo kadha wa kadha yataka kutengenezwa. Na alipoyasema aliyataja mambo, hakuwataja walimu.

Nina haki ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Mimi nami nilipokuwa na miaka ishirini nilirudi chuoni nilikosoma, nikiwa nimesoma vitabu viwili vitatu vipya, nikamrudi mwalimu wangu mbele ya wanafunzi wake katika mas-ala ya talkini. Mwalimu hakunijibu. Alifunga kitabu, akasema darsa imekwisha, akaniuliza kama nimekula. Katika mas-ala yenyewe bado naona nilikuwa na hoja. Lakini mwalimu alifariki kabla sijarudi kumwomba radhi, na mpaka leo nikifundisha mlango ule sauti yangu hupungua. Kijana wa khitma na ayasome haya mara mbili.

Turejee Mombasa. Miaka ya ishirini ya karne iliyopita swali la nani ni nani halikuwa la moyoni tu. Lilikuwa la serikali. Sheria za wakoloni ziliwagawa watu kwa asili, na kila asili ilikuwa na kodi yake, shule yake, na kiti chake au kukosa kiti. Mwaka 1923 Waarabu wa pwani walipata haki ya kumchagua mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria. Waswahili wa Mombasa, Taifa Tatu na Taifa Tisa, waliachwa nje. Watu waliokuwa wakisali safu moja, wakioana, wakizikana, walianza kuulizana nasaba. Waswahili wakaunda chama chao mwaka 1927 kutafuta haki hiyo. Fitina hii iliingia mpaka misikitini, na chembe zake zipo hata leo kwa mwenye kutaka kuzitafuta.

Al-Amin alikuwa upande uliopewa. Mazrui, mtoto wa kadhi, mwenye Kiarabu fasaha, alikuwa Mwarabu katika daftari zote za serikali, na lau angetaka kujifungia katika heshima hiyo hakuna ambaye angemlaumu. Aliandika kwa Kiarabu tarikh ya ukoo wake, kitabu kilichokuja kutafsiriwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa mwaka 1995, kwa hiyo hapana awezaye kusema kuwa aliisahau asili yake. Lakini alipotaka kusema na Waislamu wenzake, alisema kwa Kiswahili. Sahifa ilikuwa karatasi ndogo tu; baada yake, mwezi wa Februari 1932, akatoa gazeti la kila wiki, Al-Islah, lenye Kiswahili na Kiarabu. Gazeti la dini kwa lugha ambayo mwuza samaki na mwanamke wa nyumbani wataielewa, hilo lilikuwa jambo geni. Elimu ilikuwa imezoea kukaa juu ya rafu ya Kiarabu, na mwenye kuitaka apande mwenyewe.

Na aliyoyaandika yalikuwa ni mambo ya watu. Aliwakemea waliokuwa wakiuza au kuweka rehani mali zao ili wafanye arusi ya siku saba au matanga ya kulisha mji mzima, kisha watoto wa marehemu wakabaki na madeni. Aliwakemea walioona kuwa kuendelea ni kuvaa kama Mzungu na kwenda senema, hali ya kuwa elimu ya Mzungu, ile iliyomwezesha kutengeneza reli na meli, hawaigusi. Kwake yeye hao walichukua ganda wakatupa kokwa. Aliwahimiza wazazi wawasomeshe mabinti, wakati ambapo wako waliodhani kuwa msichana akijua kuandika ataandika barua tu. Aliwataka Waislamu wasiogope masomo ya dunia, lakini pia wasiwatupe watoto wao katika shule za misheni bila ya kuwapa dini yao kwanza. Kwa ajili ya watoto hao aliandika vitabu vyepesi vya mafunzo ya dini, na akaanzisha Mombasa Madrasatul Ghazali, iliyofundisha kwa mpango mpya.

Wapo walioudhika. Mtu akiambiwa kuwa karamu ya kumliza maiti si dini, na ilhali mama yake alifanyiwa karamu hiyo, husikia kuwa mama yake ametukanwa. Sheikh alilijua hilo, na kwa ajili hiyo kalamu yake ilikuwa kali kwa jambo na laini kwa mtu. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwenye kukisoma ataona kuwa yeye mwenyewe hajitoi katika wale anaowakosoa. Sisi, huandika; sisi Waislamu, sisi watu wa pwani.

Ama kuhusu ukadhi, nitasema ninavyoona mimi, na asiyekubali anayo ruhusa. Mwaka 1932, gazeti lake likiwa bado changa, alifanywa Kadhi wa Mombasa. Al-Islah halikudumu ila kiasi cha mwaka mmoja, likanyamaza. Kadhi alikuwa ofisa wa serikali ya mkoloni, na mtu hawezi kula kwa bwana na kumhukumu bwana katika ukurasa wa kwanza kila wiki. Wapo wasemao kuwa serikali ilimnunua kimya chake, na wapo wasemao kuwa alichagua kuhukumu mirathi ya mayatima badala ya kugombana na wapumbavu. Mimi naona kuwa ilikuwa hasara. Makadhi wema walikuwako wengine, mwandishi kama yeye hakuwako mwingine. Lakini namkumbuka baba yake gerezani Unguja, na namkumbuka yatima wa miaka mitatu, na nasema kuwa mtu aliyekua bila baba aweza kuona uzito katika kesi ya yatima ambao sisi hatuuoni. Aliendelea na darsa zake wakati wote huo. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akishika mahali alipokuwa yule yule mlezi wake, Sheikh Suleiman.

Darsa hizo ndizo zilizozaa. Katika wanafunzi wake alikuwamo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 mpaka 1968, naye akatoa vitabu na gazeti lake mwenyewe katika njia ile ile. Aliyemfuata katika ukadhi huo ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, nayo imo katika nyumba nyingi za Kitengela hata zile ambazo mwenye nyumba hajui nani aliyemsomesha mfasiri. Sheikh Al-Amin naye alikuwa ameianza kazi ya kufasiri, wala hakujaaliwa kuimaliza.

Alifariki mwaka 1947, umri wake miaka hamsini na sita. Aliacha watoto, na mmoja katika hao alikuwa Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye baba yake alitamani aende Azhari akawe mwanachuoni. Ali naye akabaki yatima, lakini yeye alikuwa na miaka kumi na minne, akimkumbuka baba yake vizuri. Hakwenda Azhari. Alikwenda Uingereza na Marekani, akawa yule Profesa Ali Mazrui ajulikanaye duniani, na alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui, mkabala na Ngome. Kazi yake kubwa ilikuwa ni kuuliza Mwafrika ni nani na ametokana na nini. Kurithi swali nako ni kurithi.

Hayo ndiyo niliyowaeleza vijana wangu wawili, kwa urefu zaidi ya haya, jioni tatu mfululizo. Kijana wa khitma alinyamaza. Siku ya nne alikuja na baba yake katika sala ya Alfajiri. Walikaa safu moja, ijapokuwa si bega kwa bega, nami sikuuliza neno.

Wa Kajiado alikuwa na swali. Alitaka kujua Sheikh Al-Amin alipambanua vipi lipi la kuacha na lipi la kushika. Tukakaa naye tukalipitia lake moja moja. Damu, haijuzu. Mnyama aliyezibwa pumzi, haijuzu. Shuka, haina ubaya wowote, na nikamwambia asali nayo ikiwa imemsitiri. Lugha yake aishike, na amfundishe mwanawe. Heshima ya rika na kuinamisha kichwa ili mzee akiguse kwa mkono, hiyo ni salamu, si ibada. Jina la baba yake, haramu ni kulikana. Tulipomaliza aliona kuwa ya kuacha ni machache na ya kubaki ni mengi, naye muda wote alikuwa amedhani kinyume.

Ikabaki nyama. Tukakubaliana kuwa siku ya kuchinja amwombe baba yake ruhusa achinje yeye kwa mkono wake, mbele ya wazee, na damu imwagike. Aliniomba tufuatane. Basi Jumapili iliyopita tulikwenda, mwendo wa saa moja kutoka barabara kuu, vumbi mpaka magotini. Mzee alitupokea kwa maziwa. Mwanawe akamweleza kwa Kimasai habari zote za yule Sheikh wa Mombasa, babu zake walionyang'anywa nchi, baba yake aliyefungwa, na ile Ngome. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, fimbo ikiwa katikati ya magoti, akaniuliza swali moja tu, kuwa Sheikh huyo alikuwa na ng'ombe wangapi. Nikamwambia alikuwa na vitabu. Akacheka sana, kisha akamwita mdogo wake, akaagiza kondoo aletwe, na kisu akampa mwanawe.